Kilo Kumi za Dafrosa

Tisini na nne.

Dafrosa akashuka kwenye mizani, akaiacha ijifikirie, kisha akapanda tena kwa kunyata, utadhani ikimsikia anakuja itamwongezea. Tisini na nne. Wiki iliyopita ilikuwa tisini na nne, na wiki ya kabla yake hivyo hivyo. Sista Eustadia, muuguzi wa lishe kwenye kituo kimoja cha afya pale Kanyenye, mjini Tabora, akaijaza namba kwenye kadi bila kusema neno, na Dafrosa alipoona muuguzi mwenye domo kama lile amenyamaza, akamwahi.

"Sema tu, sista."

"Niseme nini, mama? Hebu lete daftari."

Daftari lilikuwepo. Tangu mwanzo wa Aprili Dafrosa alikuwa anaandika kila kilichopita mdomoni mwake, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa makarani wengi. Ugali wa dona, ngumi moja. Mlenda. Mchicha wa kuchemsha. Dagaa wa Kigoma, bila mafuta. Chai kavu, na kavu ni kavu kweli, haina sukari wala maziwa. Chapati hakuna, soda hakuna, na ile mihogo ya kukaanga inayouzwa karibu na kwake Ng'ambo alikuwa akiipita ameziba pua. Kila alfajiri alitembea mpaka upande wa Kwihara na kurudi, kwenye njia ile ile ya misafara waliyopita mababu zake, pembe za ndovu mabegani, kwenda pwani. Wao walifika wakatua mzigo. Yeye alikwenda nao na kurudi nao.

"Una miaka hamsini na moja," Sista Eustadia alisema akifunua kurasa. "Mwanamke akishakoma hedhi mwili unakuwa mbishi. Unapungua, lakini polepole."

"Polepole mpaka lini? Leo ni tarehe ngapi?"

Wote wawili walijua tarehe. Ilikuwa ishirini na tisa Juni. Ezekia, mdogo wake Dafrosa wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na mishipa ya kuunganishia mashine hiyo ilikuwa inaziba, mmoja leo, mwingine kesho. Vipimo vilikuwa vimesema figo ya Dafrosa inamfaa. Madaktari wa Dodoma wakasema sawa, lakini mama ana kilo tisini na saba, kisu kwa mtu mwenye uzito huo ni hatari kwake mwenyewe, ashuke mpaka themanini na nne ndipo tumpasue. Jopo lao lingekaa tarehe kumi na mbili Oktoba. Likipita hilo, mpaka Machi. Na Machi, daktari wa Ezekia alikuwa ameshasema waziwazi, msiihesabu.

"Aprili ulishuka kilo tatu," Sista Eustadia alisema, kalamu ikigonga kadi. "Kuanzia Mei hujashuka hata robo. Mei kulitokea nini?"

"Hakuna kilichotokea. Nilikuwa dukani kwangu kama miaka yote."

Hakudanganya. Alisema alichokijua.

*

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Ezekia, maana haikuwa mbali, na maana asingekwenda wangesema anakimbia. Wifi yake Advera, mke wa Ezekia, alikuwa uani anasuuza mashuka. Advera ni msusi, mikono yake inajulikana Kanyenye nzima, na ulimi wake vilevile.

"Wifi, ngapi?" Hata salamu hakuna.

"Ile ile."

Advera akaliacha shuka likazama kwenye beseni. Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Unaogopa kisu."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Unaogopa kisu, na mimi sikulaumu kwa kuogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini sema! Sema tujue, tutafute mtu mwingine. Usitukalishe hapa tunahesabu siku huku wewe unajifungia chumbani na sahani yako."

"Advera!"

"Miezi mitatu ya mchicha, kilo tatu? Mchicha gani huo? Mbuzi wote wa Tabora wangekuwa na vitambi."

Maneno hayo yalimchoma Dafrosa mpaka akaona giza. Alitaka kumnasa kibao. Badala yake akajikuta anapiga kelele, yeye mwenye heshima zake, mama wa kwaya, majirani wote wakisikia. "Naapa kwa Mungu aliyeniumba, sijaiba hata kipande cha mkate! Na siogopi! Unanisikia? Siogopi!"

Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Sauti ya Ezekia ikatoka humo, nyembamba, sauti ya mtu aliyetoka kwenye mashine saa mbili zilizopita.

"Mwache dada yangu. Alinibeba mgongoni mpaka nikaanza shule. Kama bado ni mzito, labda hajanitua."

Alitaka wacheke. Hakuna aliyecheka. Dafrosa akakaa kwenye ngazi ya mlango, akalia kwa hasira, na Advera akarudi kwenye beseni akakamua shuka kana kwamba lilikuwa shingo ya mtu.

"Jumatatu nafunga saluni," alisema bila kugeuka. "Nakuja kwako kabla hujaamka na nitaondoka ukishalala. Nataka kuona kwa macho yangu."

"Njoo! Njoo na godoro!"

*

Jumatatu Advera akaja kweli, jogoo hata hawajamaliza kuwika. Mkononi alikuwa na bakuli tupu, na kwenye mfuko wa gauni amejaza punje za mahindi. Masharti yake yalikuwa mafupi: kila kinachoingia mdomoni mwa wifi, punje moja inaingia bakulini. Dafrosa aliona ni dharau kubwa kuliko zote alizowahi kufanyiwa, akakubali kwa sababu alikuwa hana la kuficha.

Wakatembea hadi Kwihara na kurudi, Advera akihema nyuma, viatu vimemkata. Wakanywa chai kavu na kiazi kitamu kimoja: punje mbili. Saa nne, chungwa: punje moja. Advera alichungulia kwenye makabati, chini ya kitanda, hata ndani ya pipa la unga. Hakuna kitu. Uso ulianza kumshuka, maana alikuwa amekuja kukamata mwizi na nyumba ilikuwa safi.

Basi wakaenda dukani.

Duka la Dafrosa liko Ng'ambo, na Dafrosa hauzi kingine ila asali. Warina asali wa pande za Sikonge na Ipole wanamletea ndoo kwa ndoo, naye anawauzia wafanyabiashara wa Mwanza na Dar es Salaam. Mavuno makubwa yanaanza Mei. Siku za mavuno watu wanapanga foleni, na kila ndoo lazima ipite kwenye koo lake kwanza. Ndiyo, koo. Ulimi unadanganywa. Mtu akichemsha sukari akachanganya, ulimi utasifu tu, lakini kooni itapita kimya; asali ya nyuki wa miombo inakwaruza kidogo inaposhuka, na hapo ndipo unaijua. Kwa hiyo lazima umeze. Na kwa kuwa kuna wajanja wanaoweka nzuri juu na mbaya chini, lazima uonje juu, katikati na chini. Kijiko kwa kijiko, ndoo kwa ndoo, miaka ishirini na miwili. Jina lote la Dafrosa mjini limejengwa hapo. Mama huyu, watu husema, humdanganyi.

"Mwangaluka," akasalimu mzee Lugembe, mrina wa Ipole, akishusha ndoo sita kwenye pikipiki.

"Mwangaluka, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Leo una mgeni."

"Ni askari wangu," Dafrosa alisema, akafunua ndoo ya kwanza.

Akachota juu, akameza, akafumba macho. Akachota katikati. Akashusha kijiko chenye mpini mrefu mpaka chini, akameza tena. "Safi. Inayofuata."

Advera alikuwa amekaa pembeni na bakuli lake. Kijiko cha kwanza alikitazama tu. Cha pili akamtazama Dafrosa usoni, akitafuta dalili ya aibu, hakuiona. Cha tatu, polepole, kama mtu asiyeamini mkono wake mwenyewe, akadondosha punje.

Dafrosa hakusikia. Alikuwa kazini, na mtu akiwa kazini hana habari na mengine. Baada ya Lugembe akaja mwingine na ndoo nne, mwingine na tatu, na mnunuzi mmoja wa Mwanza aliyetaka waonje pamoja kila alichochagua, maana ndivyo biashara hii inavyoaminiana. Punje zikaendelea kudondoka. Saa kumi na moja jioni wakafunga mlango, Advera akaja mezani na bakuli lake.

Akalimimina bakuli juu ya meza. Kwa kidole akatenga punje tisa pembeni.

"Hizi ni chakula chako cha leo. Kweli umekula kama ndege, nakuomba radhi kwa hilo." Kisha akausogeza mbele ule mlima uliobaki. "Na hizi ni sitini na nane."

"Za nani?"

"Zako."

"Wee! Mimi? Sitini na nane za nini?"

"Za vijiko, wifi."

Dafrosa akamtazama kama anamtazama mwehu. "Ile ni asali."

"Najua ni asali."

"Ile ni kazi, Advera! Halafu asali si chakula, asali ni da..."

Neno likamkwama hapo hapo.

Wala usimcheke. Katika mji ule kidonda kinapakwa asali, kikohozi kinapewa asali, mwanamke aliyejifungua anakorogewa asali kwenye uji. Nani anaandika dawa kwenye daftari la chakula? Ungemuuliza mtu yeyote wa Ng'ambo angekujibu vilevile, na angekushangaa kwa kuuliza. Lakini Dafrosa alikuwa anauona mlima wa punje mbele yake, na Mei ikamrudia, na swali la Sista Eustadia likamrudia.

"Nilikuja kukufumania," Advera alisema taratibu. "Nimekufumania. Mbona sifurahi?"

Kesho yake Sista Eustadia alikipima kile kijiko, akapiga hesabu, akapiga tena kwa kutoamini. "Mama, hii ni zaidi ya robo kilo ya asali kwa siku. Umekuwa unakula milo mitatu kwa adabu umekaa, na miwili mingine unaimeza umesimama."

Siku arobaini na nane za mavuno zilikuwa zimeshapita hivyo. Siku arobaini na nane za uhai wa Ezekia, alizozimeza yeye, kijiko kwa kijiko, huku akiapa kwa Mungu. Dafrosa alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

*

Zilibaki wiki kumi na nne na kilo kumi.

Kutema haikuwezekana, maana koo ndilo linalopima. Kuacha kununua haikuwezekana, warina wangehamia kwingine na wasingerudi. Advera ndiye aliyelikata shauri, mikono kiunoni, kwa sauti ile ile ya ugomvi: "Nifundishe. Hata mimi nina koo."

Kwa hiyo saluni ikawa inafunguliwa mchana tu, na asubuhi msusi wa Kanyenye anameza asali Ng'ambo. Mwanzoni alikuwa anakosea vibaya. Mwezi wa nane alipitisha ndoo mbili za sukari tupu, mnunuzi wa Mwanza akazirudisha mbele za watu, akasema, "Mama Dafrosa, koo limezeeka?" Dafrosa alizipokea ndoo zake akazirudisha ndani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ameikalia, kwa sababu kila kifuniko kilipofunuliwa mikono ile ilitaka kwenda yenyewe. Harufu peke yake ilimtesa. Alilala anaiota, akaamka mate yamejaa mdomoni.

Uzito ukaanza kuachia, tena kwa inda. Mwisho wa Julai, tisini na mbili. Katikati ya Agosti, tisini. Septemba ikasimama kwenye themanini na sita siku kumi na mbili nzima, na siku hizo kumi na mbili hakuna aliyemsogelea Dafrosa, alikuwa anang'aka hata akisalimiwa. Mishipa ya Ezekia ikaziba tena, akahamishiwa Dodoma kabla ya wakati, amelala kwenye gari akiwa amevimba miguu. Alipokuwa anapakiwa alimshika dada yake mkono, akasema, "Usijiue kwa njaa, dada." Akasema tena, "Lakini fanya haraka kidogo." Hayo ya pili ndiyo yaliyobaki masikioni mwa Dafrosa.

Tarehe tisa Oktoba mizani ya Kanyenye ilisoma themanini na nne na nusu.

Siku iliyofuata Advera alimkalisha saluni akamsuka. Rasta ndefu, pakiti nne za nywele za bandia, saa sita bila kunyanyuka, na pesa alikataa. "Huendi mbele ya madaktari na kichwa kama kiota," alisema. Hakuwahi kuomba radhi kwa lile neno la kisu, siku ile ya mashuka. Dafrosa aliisikia radhi kwenye vidole, akaipokea. Kisha wakapanda basi la Dodoma.

*

Daktari Vedasto alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kungoja mtu amalize kusema. Aliomba Advera abaki nje. Akafunga mlango. Dafrosa akavua viatu, hereni, rozari, akabaki na gauni jepesi la hospitali, akapanda.

Themanini na nne nukta tatu.

"Panda tena," daktari alisema. Akapanda tena. Nukta tatu.

"Imezidi gramu mia tatu," Dafrosa alisema, midomo imekauka.

"Imezidi. Jopo limeandika themanini na nne, na mimi siwezi kuandika ambacho sikukiona." Akavuta kiti akakaa mbele yake. "Lakini kabla sijaandika chochote, mama, kuna jambo tunamuuliza kila anayetoa figo, akiwa peke yake. Unataka kufanya hivi? Usinijibu jibu la ndugu zako. Ukisema hutaki, hakuna mtu nje ya chumba hiki atakayejua. Nitawaambia vipimo havikuruhusu. Na leo hata sitakuwa nimesema uongo. Namba hiyo hapo."

Dafrosa akaitazama namba. Ilikuwa inawaka nyekundu, imetulia.

Jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa. Angetoka hapo na nukta tatu zake, angelia, nao wangelia naye, wangesema maskini, alijitahidi, kilo karibu kumi na tatu si mchezo. Asingelaumiwa na mtu. Angerudi Tabora na figo zake mbili. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, alipoona kwamba anaweza kukimbia, ndipo alipojua ni kiasi gani alitaka kukimbia. Advera alikuwa amesema kweli siku ile uani, na yeye aliapa kwa Mungu kwa mambo mawili, moja lilikuwa kweli na la pili halikuwa.

"Daktari," alisema, "naogopa."

"Najua."

"Hapana, hujui. Naogopa kulala nisiamke. Naogopa kile kisu, naogopa hata ile harufu ya hapo koridoni. Nadhani nimeogopa siku zote. Nilikuwa nafurahi ile mizani ikigoma, sikujua tu kwamba nafurahi." Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Mtoto yule alikuwa anakojoa mgongoni kwangu, daktari. Nilikuwa na miaka kumi, mama yupo shambani. Nilikuwa nanuka mkojo mpaka wenzangu wananicheka shuleni. Sasa hata kukojoa hawezi."

Daktari Vedasto alingoja. Dafrosa akavuta pumzi, ikakatika, akavuta nyingine. Kisha akashuka kwenye mizani, akaenda mlangoni peku, akaufungua.

"Wifi! Una mkasi?"

Advera akainuka kwenye benchi. Msusi hasafiri bila mkasi. Akaangalia uso wa Dafrosa, akaangalia ile namba nyekundu nyuma yake, akaelewa bila kuuliza. Akafungua mkoba.

"Zote?"

"Zote. Kata mpaka kwenye ngozi."

Kazi ya saa sita iliisha kwa dakika chache. Rasta zilianguka sakafuni moja moja, na Advera alikuwa anakata huku anasema, "Nisamehe, wifi, nisamehe," na Dafrosa akimwambia anyamaze asije akamkata sikio. Daktari alisimama pembeni, mikono nyuma, wala hakuwazuia.

Dafrosa akapanda. Namba zikahangaika kidogo, zikatulia.

Themanini na tatu nukta tisa.

"Andika upesi, daktari," alisema, meno yakimgongana. "Nina kiu, na sitakunywa maji mpaka uandike."